Jina la Leonia na Kambi ya Likizo

Nimestaafu mwezi uliopita. Siku ya kuniaga mlisema mengi mazuri, mengine yakanishangaza hata mimi mwenyewe. Hakuna aliyemtaja Leonia Bukuru. Wengi wenu mlikuwa hamjafika shuleni wakati ule, na wachache waliokuwepo ni waungwana. Basi nitamtaja mimi, maana nyie ndio mnaopokea meza ya ushauri wa masomo na vyuo, na meza ile haina kitabu cha maelekezo.

Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua.

Nilifika Mpanda kwa treni, nikiwa na sanduku la bati, godoro na stashahada ya ualimu wa Jiografia na Kiswahili. Mkuu wa shule wa siku zile alinikaribisha kiti, akanisukumia karatasi na kalamu, akaniambia niandike jina langu na kijiji changu. Nikaandika: Restituta, Usevya. Akaitazama karatasi. "Una mwandiko mzuri," alisema. "Utaandikisha kidato cha kwanza." Ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwemo kwenye barua yangu ya ajira, na nikakaa nayo mpaka nimezeeka.

Ofisi niliyopewa ilikuwa stoo ya majembe. Majembe yalihamishwa, harufu ya udongo ikabaki. Humo nilimkuta Mwalimu Gervas, Mfipa mrefu aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, ambaye ndiye aliyeshughulikia fomu za wanafunzi za kuchagua masomo na vyuo. Alikuwa na penseli mbili, raba moja na rula. Alimwuliza kila mwanafunzi aliyeingia swali lile lile: "Hiyo kazi unayoitaka, umeshawahi kumwona mtu akiifanya?" Karibu wote walijibu hapana. Wengi walikuwa wamewaona mwalimu, muuguzi, padre, mkulima wa tumbaku na dereva wa basi. Kazi nyingine zote walizisikia redioni.

Kwa hiyo Gervas alibuni jambo lake. Kila likizo ya Juni aliandika barua kwa mkono, akazipeleka mwenyewe kwa baiskeli: stesheni ya reli, gereji, hospitali, kwa wafuga nyuki wa Inyonga waliokuwa na mashine ya kukamua asali. Aliomba wampokee mwanafunzi mmoja kwa wiki mbili, aangalie tu na afagie. Mtoto mmoja wa Kapalamsenga, aliyekuwa ameapa kuwa mhandisi wa mitambo, alikaa gereji siku tisa, akarudi na vidole vimefungwa kitambaa, akaomba abadilishiwe masomo akasome sheria. Gervas alifurahi sana. "Gereji imefanya kazi yake," alisema. "Ingekuwa chuo, angegundua hayo mwaka wa tatu."

Alipostaafu, barua zile niliziendeleza mimi. Miaka ikaenda. Fomu za karatasi zikaisha, maombi yakahamia kwenye mtandao, nami nikahamia pamoja nayo, mguu mmoja shuleni na mwingine kwenye steshenari ya pale mjini yenye kompyuta mbili na skana moja. Nafasi za likizo nazo zikabadilika. Vyuo vikaanza kuita wanafunzi wa sekondari kwenye kambi za sayansi, wakae bwenini, washike vifaa vya maabara, waonyeshwe namna ya kuomba chuo na ufadhili. Kwetu Katavi mialiko hiyo ilifika kwa kuchelewa, mingine ikiwa na siku tatu tu kabla ya mwisho wa kuomba. Nilijifunza kukimbia.

Leonia alikuwa kidato cha tano, akisoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Alitoka Katumba, kwenye zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi na baadaye zikapewa uraia. Alikuwa mwembamba, hazungumzi ovyo, na akiuliza swali husimama mpaka ajibiwe. Tulikuwa naye tangu kidato cha kwanza. Nilipomwuliza swali la Gervas alinijibu hivi:

"Madam, mdogo wangu alipougua walimtoa damu, wakaitia kwenye kichupa, wakasema inapelekwa mjini. Majibu yalirudi, akapona. Mimi nataka kumwona yule aliyeiangalia ile damu."

Mwalimu wa ushauri hapati majibu kama hayo kila mwaka. Mwaliko ulipokuja wa kambi ya wiki nne kwenye chuo kimoja cha Dodoma, kwa wasichana wa sayansi wa kidato cha tano, na watakaofanya vizuri wakiahidiwa kusaidiwa ada ya chuo, nilimwombea nafasi siku ile ile. Niliambatisha cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na barua ya ruhusa ya baba yake. Akachaguliwa. Yeye peke yake katika shule yetu. Nilipomwambia alikaa chini, jambo ambalo ofisini kwangu hakuwahi kulifanya bila kuambiwa.

Jumatatu moja asubuhi, wiki tatu kabla ya safari, ujumbe mwingine uliingia kwenye simu yangu na ya mkuu wa shule. Watu wa kambi waliandika kwa adabu kwamba jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne hayalingani. Kimoja kinasema Leonia Yohana Bukuru, kingine kinasema Leonia Yohana Bukulu. Walitaka hati ya kiapo na barua ya shule inayoeleza tofauti ile, zifike kabla ya saa sita mchana Jumatatu inayofuata. La sivyo nafasi angepewa aliye kwenye orodha ya akiba.

Herufi moja. Nilikwenda kabatini, nikatoa rejista ya kidato cha kwanza ya mwaka aliojiunga, nikaifungua kwenye mstari wake. Palikuwa na L, nzuri, iliyonyooka, yenye mkia mdogo niliofundishwa na masista. Mwandiko wangu. Kutoka kwenye rejista ile jina lilikwenda kwenye usajili wa kidato cha pili, kisha wa nne, kisha likachapwa kwenye cheti. Sisi watu wa Mpimbwe, upande wa kwetu Usevya, hatuna shida na R na L; tunatumia yoyote iliyo karibu. Nilikuwa nimeliandika jina la mtu kama linavyotamkwa kwetu.

Niliifunga rejista, nikairudisha kabatini, nikafunga kabati kwa ufunguo. Sijui niliogopa nini zaidi. Wakati ule kulikuwa na mwalimu wa shule nyingine aliyepewa onyo kali kwa kukosea usajili wa watahiniwa, na sote tulikuwa tunamzungumzia. Nilikuwa nimebakiza miaka mitano kazini. Nilijiambia nitatafuta njia kwanza, halafu nitasema.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Leonia alikuja.

"Madam, mkuu ameniambia kuna tatizo la jina."

"Dogo tu," nilisema. "Linarekebishika."

"Kosa lilitokea wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nikamjibu, na jibu lenyewe lilinitoka haraka kama kitu nilichokuwa nimekitayarisha:

"Labda huko shule ya msingi. Mara nyingi huwa ni huko."

Alinitazama. Halafu akasema, "Sawa, madam," akaondoka.

Jumanne nilifundisha vipindi vyote bila kujua nilichofundisha. Nilimpigia wakili mmoja wa mjini, nikamwuliza habari za hati ya kiapo kana kwamba naulizia kwa ajili ya mtu mwingine. Alisema ni jambo la nusu saa, mradi chanzo cha kosa kijulikane. Nikashukuru, nikakata simu. Jumatano ikapita vilevile. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa ile barua ya shule.

Alhamisi asubuhi baba yake Leonia alifika. Mzee Yohana Bukuru alikuwa mkulima, mtu wa miaka hamsini na kitu, kavaa koti la suti juu ya fulana. Alipelekwa kwa mkuu wa shule, mkuu akaniita, na Leonia naye akaitwa. Mzee aliweka mezani nakala ya ukurasa wa rejista ya shule ya msingi ya Katumba, yenye mhuri. Jina la mwanawe lilikuwa limeandikwa kwa R, wazi kabisa.

"Niliambiwa kosa ni la shule ya msingi, nikaenda kule jana," alisema. "Nimemkuta mwalimu mkuu. Nimemwambia maneno mabaya mbele ya watoto. Mtu aliyemshika mwanangu mkono akamfundisha kuandika. Nimemwambia umeharibu maisha ya mtoto. Akaniletea kitabu akakifungua. Kosa si lake." Alipangusa uso. "Sasa mimi nitamtazamaje yule mwalimu?"

Mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliichukua ile nakala akaisoma mara mbili. Alikuwa anajua rejista zinakaa wapi na nani anaziandika. Akaniangalia kidogo, halafu akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, haya ni makosa ya kompyuta. Wakati wa kuingiza majina, mitambo hubadilisha herufi. Tutaandika hivyo, mambo yaishe."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Kompyuta haina mtu wa kugombana naye. Niliona mabega yake yakishuka. Kulikuwa na njia, imefunguliwa na mkubwa wangu wa kazi, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Nilikaa kimya. Kisha nikamtazama Leonia, na nikaona kwamba hamtazami mkuu wala baba yake. Ananitazama mimi, ananisubiri.

"Si kompyuta," nilisema. "Ni mimi. Niliandika vibaya siku anaandikishwa. Nimelijua tangu Jumatatu."

Mkuu alivua miwani. "Mwalimu Restituta, unajua kwamba unajiandikia barua ya onyo mwenyewe?"

"Najua."

Mzee Yohana alikuwa bado hajaelewa. Aliuliza, "Tangu Jumatatu? Na mimi jana nimekwenda kumtukana mtu?"

Alinyanyuka, akaenda dirishani, akasimama pale akitupa mgongo. Alipoanza kusema, alisema bila kugeuka.

"Mwalimu, mimi nilizaliwa pacha. Bukuru ni yule anayetangulia. Anayefuata anaitwa Butoyi. Butoyi wangu alifariki tukiwa wadogo, njiani, tunakuja huku. Nyie mkaona ni herufi."

Mkuu ndiye aliyetutoa pale. Alisema muda unakwenda, kwamba mzee aende na mwalimu kwa wakili leo hii hii, aape kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, naye barua ataitia sahihi ikiwa na ukweli ndani yake. Nilidhani tumemaliza. Mzee Yohana akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mimi siapi."

"Mzee, ni jambo la kawaida tu," mkuu alisema.

"Kwenu." Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akauweka kifuani bila kuufungua. "Karatasi zangu za uraia zina jina moja. Nimezisubiri nusu ya maisha yangu. Leo niende mbele ya sheria niseme kuna jina jingine? Kesho atatokea mtu aniulize, na huyo Bukulu ni nani, ametoka wapi? Hapana. Karatasi hizi haziguswi."

Mkuu alimweleza kwamba hakuna atakayezigusa. Mimi nikaeleza. Leonia akasema neno kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, baba yake akamjibu kwa kifupi, akainama, akatoka. Tulimwona akivuka uwanja kuelekea barabarani, mfuko wake bado umebanwa kifuani.

Ijumaa hakuja, na simu yake haikupokelewa. Nilikwenda mwenyewe kwa wakili, safari hii nikamweleza kila kitu bila kujificha. Akaniuliza swali moja: "Nani aliyeona kosa likifanyika?" Nikamwambia mimi, mimi ndiye niliyelifanya. "Basi si lazima baba aape jambo asilolishuhudia," alisema. "Aliyeandika ndiye anayejua alichoandika. Unaweza kuapa wewe. Ila ukishaapa, limeingia kwenye kumbukumbu. Huwezi kusema tena ulisahau."

Jumamosi asubuhi tulipanda bodaboda mbili, mimi na Leonia, tukaenda Katumba. Mzee Yohana alikuwa anaanika mahindi uani. Alileta viti viwili, akaketi juu ya gunia, akasubiri.

"Mzee, sikuja kukuomba uape," nilisema. "Nitaapa mimi. Kwamba mtoto huyu aliletwa kwangu akiwa na jina lake sahihi, nikalikosea. Jina lako halitaongezwa wala halitapunguzwa. Ninachoomba ni cheti chenyewe cha kuzaliwa cha Leonia, wakili akione, na ridhaa yako. Karatasi zako zibaki hapo zilipo."

"Na wakikufukuza?"

"Watakuwa wamenifukuza mimi."

Alichambua punje chache za mahindi, akatupa zilizooza. "Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Karatasi," nilisema, na nilipolisema ndipo nikajua kuwa ni kweli. "Karatasi yenye jina langu kwenye faili."

Hakutabasamu, lakini alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamwita mwanawe, akamwambia akalete cheti.

Jumatatu saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwa wakili. Yeye alikuwa mahakamani, akarudi saa nne na robo. Niliapa nikiwa nimeshika Biblia, nikatia sahihi, akapiga mhuri. Saa tano kasorobo nilikuwa steshenari. Barua ya mkuu ilikuwa tayari kwenye bahasha. Binti wa steshenari aliweka hati kwenye skana, na umeme ukakatika.

Kama mmewahi kukaa mbele ya kompyuta iliyozimika huku saa ya ukutani inatembea kwa betri, mnajua hali hiyo. Nilipiga picha hati zote kwa simu, zikatoka na kivuli cha kichwa changu. Nikapiga tena. Mtandao ulikuwa mzito, mduara unazunguka bila kwisha. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikasimama juu ya ngazi za benki ambako huwa unashika vizuri, walinzi wananitazama. Saa sita kamili picha ya kwanza ilikwenda. Ya tatu, ile yenye kiapo, ilikwenda saa sita na dakika ishirini.

Niliwapigia, nikaeleza. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alisema atalifikisha.

Jibu lilikuja kesho yake. Walishukuru kwa nyaraka, walisema ziko sawa kabisa, na walisikitika kwamba orodha ilishafungwa na nafasi kupewa mwingine. Sikuwalaumu, na nyie msiwalaumu. Walitupa siku saba. Nusu ya kwanza ya siku hizo niliitumia mimi kukaa kimya. Kazi yote, kiapo, barua na picha, ilihitaji asubuhi moja na umeme.

Nilimwita Leonia nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Nisamehe," nilisema.

"Nilikuambia, madam."

"Uliniambia nini?"

"Form One. Uliposoma majina darasani nilikuja mezani kwako nikasema jina langu lina R. Ukacheka. Ukasema hapa kwetu R na L ni ndugu, nikakae." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma tangazo. "Form Four tulipokuja kuhakiki, nikasema tena kwa mwalimu mwingine, akasema usibadilishe kitu, majina yafanane na ya Form Two. Jumatatu ile nilipokuja ofisini nilikuwa najua. Nilitaka kuona kama utasema."

Mpaka leo silikumbuki tukio lile. Nimejaribu. Namkumbuka mtoto mwingine wa darasa lile aliyekuja na kuku, namkumbuka mzazi aliyelala kwenye benchi, lakini yule msichana mdogo aliyesimama mbele yangu akinisahihisha simkumbuki. Yeye tukio analo lote, mpaka kicheko changu.

Barua ya onyo ilikuja, ikakaa kwenye faili, wala haikuniuma kama nilivyokuwa nikiogopa. Likizo ya Juni niliandika barua ya aina ile ya Gervas kwa msimamizi wa maabara ya kituo kimoja cha afya, mama mmoja mkali sana, nikamwomba ampokee Leonia wiki nne. Leonia hakutaka. Baba yake alimwambia aende, akaenda. Wiki ya kwanza aliosha vioo. Wiki ya tatu yule mama alinipigia, akaniuliza kama nina wengine wa aina hii. Leonia mwenyewe hakuniambia chochote. Alirudi shuleni, akasoma, akanisalimia akipita kama anavyowasalimia walimu wote, wala hakukanyaga tena ofisini kwangu mwaka mzima.

Maombi ya kusahihisha cheti cha kidato cha nne niliyafuatilia mwenyewe, barua kwa barua, mpaka kikaja kipya chenye R. Nilikituma Katumba kwa mkono wa baba yake.

Kwenye meza yetu nilibadilisha jambo moja, na ninawaomba msiliache kwa sababu ya foleni. Siku ya kuandikisha, mzazi au mtoto ndiye anayeandika jina kwanza kwenye karatasi, au analitaja herufi moja moja kama hajui kuandika. Mwandikishaji ananakili. Halafu anauliza kama ndivyo, na anasubiri jibu. Foleni inafika getini, wazazi wanalalamika jua, na mkuu anauliza kwa nini shule nyingine zimemaliza saa sita. Mwambieni amwulize Restituta.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, wanafunzi walijaa steshenari kuomba vyuo. Nilikuwa nimekaa na mmoja wao, Leonia akaingia. Alisubiri zamu yake. Ilipofika nilivuta kiti karibu na kompyuta kama kawaida yangu, akasema, "Hapana, mwalimu. Nitajaza mwenyewe." Nikasogea pembeni.

Alijaza polepole, akikagua kila kisanduku kwa cheti. Alichagua sayansi ya maabara ya tiba mahali patatu. Alipomaliza, akaigeuza skrini kwangu.

"Soma."

Nikaanza kusoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti."

Watu walikuwa wamejaa mle ndani, wanafunzi wangu, binti wa steshenari, mzazi mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilisoma. Leonia Yohana Bukuru. Nilitaja jina la mwisho herufi moja moja, B, U, K, U, R, U, naye alikuwa akifuata kwa kidole kwenye cheti chake. Alipotosheka akairudisha skrini upande wake, akabonyeza mwenyewe, akakusanya karatasi zake, akasema asante, akatoka.

Alipata chaguo la pili. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Habari zake huzipata kwa mzee Yohana tunapokutana sokoni, maana yeye alinisamehe zamani, na alikwishakwenda kumwomba radhi yule mwalimu wa Katumba. Wiki iliyopita nilikutana naye kwenye mchele. Tukaulizana hali, nikamweleza kuwa nimestaafu.

"Leonia anajua," alisema. "Nilimwambia kwenye simu."

"Amesema unisalimie?"

Mzee Yohana si mtu wa kusema uongo ili kumfurahisha mtu. "Hapana. Ameuliza sasa nani anaandika majina."

Nikamwambia ni walimu vijana, watatu, wazuri. Nikamwambia nitawaandikia.